Mashine Iliyosaini Mahudhurio

Usiku wa kuamkia leo niliota kikao cha kamati ya mtaa kimeanza bila mimi. Hilo peke yake lilitosha kunijulisha kwamba ni ndoto, kwa sababu daftari la mahudhurio huwa nalo mimi, na bila daftari hakuna kikao, na bila kikao hakuna soda.

Nieleze kwanza, mtu asije akadhani nililala nimekula kitu kibaya. Mimi ni mhazini wa kamati ya mtaa wetu hapa Tukuyu, na sokoni nauza magimbi na ndizi. Leo saa nne asubuhi, leo hii ya kweli, nilitakiwa kutia saini muhtasari wa kuruhusu mashine sita za kamari, zile ambazo vijana wanaziita dubwi, ziwekwe kando ya soko letu. Wenzangu wote walikuwa wameshasaini. Kampuni yenye mashine ilikuwa imeahidi kwamba katika kila shilingi elfu itakayomezwa, shilingi thelathini zitatozwa kwa ajili ya mtaa, na fedha hizo zitaezeka chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu.

Chumba hicho kina kuta, kina dirisha, kina hata msumari wa kutundikia kalenda. Paa ndilo hakina. Huu ni mwaka wa nne, na mvua ya Tukuyu haihitaji kuelezwa. Akina mama wenye uchungu hupelekwa kilomita tisa, kwa barabara ambayo hata mtu asiye na mimba huimaliza akiwa ameshika kiuno. Binti yangu Tumpe ana mimba ya miezi saba. Kwa hiyo sikutaka mtu anihubirie habari za kamari. Nililala nimeweka kalamu juu ya muhtasari, tayari kwa asubuhi.

Basi naota. Kikao kinafanyika ndani ya chumba hichohicho cha kujifungulia. Mvua inanyesha, lakini kwa utaratibu: inamnyeshea mjumbe anayezungumza tu. Mwenyekiti wetu, Mzee Asangalwisye, amelowa chapachapa. Wengine wote wakavu.

"Mama Tumpe, umechelewa," ananiambia, maji yakimtiririka kwenye miwani. "Kaa. Tumefika kifungu cha tatu."

Kifungu cha tatu cha masharti kilisema mashine ya kamari ikae mahali ambapo viongozi wa mtaa wanaiona muda wote. Mzee Asangalwisye alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na neno likishaandikwa yeye halipindishi. Alisema kwamba kwa kuwa viongozi hatukai mahali pamoja, itabidi mashine iwe inatufuata. Kabla sijapinga, mlango ukagongwa.

Mashine iliingia ikifuta miguu kwenye gunia. Ilikuwa imenizidi urefu kidogo, ina kioo tumboni, taa nyekundu kichwani, na mkono mmoja wa chuma ubavuni.

"Shikamooni wazee," ikasema.

"Marahaba," tukaitikia. Ikakaa kwenye benchi, benchi likalia.

Sasa mimi nina udhaifu wangu mmoja. Siwezi kumwona mgeni amekaa mkavu, hata kama nimemchukia tangu mlangoni. Nikafungua soda ya tangawizi, nikaipa. Mashine ikaimimina yote kwenye tundu la kuingizia sarafu, ikacheua, ikatoa mia mbili mbili tatu.

"Ndaga fijo, mama," ikanishukuru.

Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya. Kwenye kamati yetu kuna sheria: aliyekunywa soda amehudhuria, aliyehudhuria asaini, na aliyesaini ni mjumbe mpaka kikao kifungwe. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe, baada ya kuchoshwa na watu wanaopita kunywa soda kisha wanakana kwamba walikuwepo maamuzi yalipofanyika. Nilijivunia sana sheria ile.

"Mpe daftari," akasema mwenyekiti.

"Mzee, hii ni mashine."

"Sheria yako haikusema aina ya mnywaji."

Nikaipa daftari. Ilisaini kwa herufi zilizonyooka, zenye kona kona, kama tarakimu za kwenye kioo chake. Mwandiko safi kuliko wa wajumbe wote, na hilo liliniudhi zaidi.

"Akidi imetimia," akasema Mzee Asangalwisye. "Kifungu cha tano. Asiyefikisha miaka kumi na nane asiikaribie mashine. Mjumbe mpya, una umri gani?"

"Miaka minne, mzee. Kibao kiko mgongoni."

Tukaizungusha, tukasoma. Ilikuwa kweli.

"Basi huruhusiwi kujikaribia," mwenyekiti akaamua. "Ondoka hapo, ukae mbali na wewe."

Mashine ikainuka kwa adabu, ikaenda kusimama kwenye kona. "Bado niko karibu," ikasema. Ikatoka nje mpaka kwenye mparachichi wa zahanati, tukaisikia ikipaza sauti: "Bado!" Ikashuka mpaka mtoni. Baada ya muda ikarudi imechoka, ina majani ya migomba kichwani. Mwenyekiti aliniagiza niandike kwenye muhtasari kwamba juhudi zimefanyika. Nikaandika.

Nilipoinua macho kutoka kwenye muhtasari, mlangoni palikuwa pameshakaliwa. Mwanamke mnene, kitenge cha kijani, amejaa kwenye kigoda, mkononi ana mkasi wa kushonea.

"Naitwa Mama Zuio," akasema bila kuulizwa. "Mimi ni kodi. Kazi yangu ni kumzuia aliyeshinda asipite mpaka nikate changu."

"Na aliyeshindwa?"

"Huyo hapiti kwangu. Huyo ameshakatwa kwingine."

Mshindi wa kwanza kutokea alikuwa mkwe wangu Lusekelo, mume wa Tumpe, ambaye kazi yake ni kupakia ndizi kwenye malori. Sijui alichezea wapi, maana mashine ilikuwa imekaa nami benchi moja. Lakini alikuja anacheka, elfu tano mkononi. Mama Zuio akamshika mkono wa shati, akaukata sehemu, akamwachia. Lusekelo akabaki na shati lenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, wala hakujali.

"Umeshinda elfu tano," nikamwambia. "Umetia ngapi?"

"Mama, hilo haliulizwi kwa mtu aliyeshinda."

"Mimi nauliza."

Akaanza kukunja ule mkono mrefu ili ilingane.

Mzee Asangalwisye alitafakari. Akasema kodi ikipanda, watu wataogopa kucheza. Hoja ilikuwa nzuri, hata mvua ikamwachia kidogo. Mama Zuio akasogeza kigoda katikati ya mlango, sasa akawa anakata mkono mzima. Watu wakaendelea kuja. Akaanza kukata mashati yote. Hapo wakaacha kutoka mlangoni. Tukawaona wanaruka dirishani mmoja mmoja, mashati yao mazima, na Mama Zuio amebaki na mkasi wake na mlango ambao haupiti mtu.

"Nilikuwa napata mikono," akasema kwa huzuni. "Sasa sipati hata kifungo."

"Basi marufuku!" akasema mwenyekiti, akagonga meza.

Ghafla tuko sokoni. Sikuona tumetembea. Nimekaa mahali pangu pa siku zote, magimbi yangu mbele yangu, jua linawaka. Mashine haipo. Nikafurahi. Nikajisemea, kumbe kazi ilikuwa rahisi hivi, mtu anagonga meza tu.

Kisha magimbi yakaanza kutetemeka.

"Mama, haya magimbi yako yanalia," akasema mteja.

Nikainama, nikasikiliza. Chini ya ardhi kulikuwa na milio, na vishindo vya mkono wa chuma, na watu wanashangilia, na mtu mmoja analia kwa sauti ya kujificha. Nilipolikata gimbi moja, ndani yake kulikuwa na picha tatu za matunda zimejipanga mstari. Mteja akataka kulinunua hilohilo.

Mashine ikachomoza kichwa pembeni yangu, imejaa udongo.

"Mkipandisha sana tunatoka dirishani," ikasema. "Mkipiga marufuku tunaingia chini. Huku chini hakuna anayeuliza umri, mama, wala anayekata mkono wa shati. Nimewaona watoto wenye sare za shule."

"Na tukikuacha kama ulivyo?"

"Nakula."

"Sasa dawa yenu ni nini?"

"Sijui, mama. Mimi nina miaka minne."

Nilikereka. Nilitaka kuiambia kwamba mtu mwenye miaka minne asingemeza mishahara ya watu, lakini ilinitazama kwa macho mawili ya namba sifuri. Nikaivuta kwa mkono, nikaipangusa udongo kwa upande wa kitenge changu. Nilipomaliza tulikuwa tumesharudi kikaoni.

Hapo mwenyekiti akatangaza habari njema. Alisema tuache siasa, mashine ziruhusiwe kama zilivyo, kwa sababu bati zimefika.

Kweli zilikuwa zimefika. Zilikuja zenyewe, zimejipanga foleni kutoka sokoni mpaka mlangoni, bati ishirini na nne, mpya, zinang'aa. Niseme ukweli, moyo wangu uliruka. Miaka minne nimezungumzia bati hizo kwenye kila kikao mpaka wajumbe wakaniita Mama Bati nikiwa sipo. Nikasimama mlangoni kuzipokea, daftari mkononi, kama tunavyopokea mali yoyote.

"Unatoka wapi?" nikaiuliza ya kwanza. Ni lazima kuandika chanzo.

"Kwa Syabumi, muuza dagaa," ikasema bati. "Na kwa mdogo wake. Na kwa watu wengine tisa."

"Kwani bati moja inatoka kwa watu wangapi? Wewe bei yako ni elfu thelathini."

"Mtaa unapata thelathini katika kila elfu, mama. Ili mimi nipatikane, lazima watu wapoteze milioni moja kwanza."

Nikaandika. Mkono wangu uliandika vizuri, lakini kichwa kilikuwa kimebaki kwenye hesabu. Ya pili ikasema imetoka kwenye unga wa wiki tatu wa nyumba nane. Ya tatu imetoka kwenye mbolea ya chai. Ya nne ilikuwa na aibu, ikasema ipite tu. Mzee Asangalwisye, ambaye hesabu hawezi kuiona ikipita bila kuisalimia, akaanza kujumlisha ubaoni: bati, mbao, misumari, jumla milioni moja na laki mbili. Ili zipatikane, mtaa upoteze milioni arobaini. Nyumba zetu ni mia nne.

"Laki moja kila nyumba," akasema taratibu. Chaki ikamkatikia mkononi.

"Hizo nyingine zinakwenda wapi?" nikauliza. "Milioni arobaini ukitoa moja na laki mbili?"

Mashine ikatazama miguu yake.

Bati ya ishirini na nne ilikuwa ya mwisho na fupi kuliko zote. Nikaiuliza inatoka wapi. Ikasema, "Nimetoka kwenye ndoo ya Tumpe."

Ndoo hiyo naijua. Kila mama mjamzito huandaa ndoo ya kwenda nayo kujifungua: pamba, glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia, vitenge viwili safi. Tumpe amekuwa akiijaza kidogo kidogo tangu mwezi wa tatu wa mimba.

Bati zikapanda juu zenyewe, zikajipanga, misumari ikajigonga. Mvua ikakoma ndani ya chumba kwa mara ya kwanza. Paa lilikuwa zuri, sina haja ya kudanganya. Na chini ya paa lile akaingia Tumpe wangu, uchungu umeshamshika, Lusekelo nyuma yake na lile shati lake, na ndoo mkononi. Tumpe akaiweka ndoo sakafuni. Ndani hakukuwa na kitu. Nikainamisha uso mpaka ndani, nikaita, na sauti yangu ikanirudia.

Nililia. Najua nililia ndotoni, kwa sababu mvua ilikuwa imekoma na mimi nilikuwa sizungumzi, na bado nililowa.

"Toa paa," nikamwambia mwenyekiti.

"Mama Tumpe, limeshapigiliwa."

"Toa!"

Paa likaondoka, likafanya adabu, bati zikarudi foleni moja moja kwa waliozitoa. Tumpe naye hakuwepo tena, wala ndoo. Tukabaki sisi na mvua na muhtasari mezani. Mwenyekiti aliniuliza, kwa upole, kama nina njia nyingine ya kupata milioni moja na laki mbili, au tuendelee kuzalia barabarani. Sikuwa nayo.

Mashine ikanigeukia. "Mama, wewe nje ya kikao hiki unafanya nini?"

"Nauza magimbi. Na ni kijumbe, msimamizi wa upatu. Tupo wanawake ishirini na nne. Kila mwezi kila mtu anatoa elfu hamsini, tunaikusanya, mmoja anachukua yote."

"Mnamjuaje wa kuchukua?"

"Majina yako kwenye karatasi, ndani ya bakuli. Tunachomoa moja."

Taa ya mashine ikawaka. "Mnatia hela, mnachomoa kwa bahati, mmoja anabeba. Mama, hiyo ni mimi!"

Nilisimama. Ningeweza kuipiga na daftari. "Si wewe! Usinitukanie upatu wangu. Kwetu aliyechomolewa leo, kesho jina lake halirudi bakulini. Tunachomoa mpaka karatasi ziishe. Kila mtu anabeba, mara moja, sawasawa na mwenzake."

"Kila karatasi inashinda?"

"Kila karatasi."

"Na anayebaki mwisho?"

"Anangoja, halafu anabeba sawa na wa kwanza."

Kioo cha mashine kilizunguka, kikasimama, kikazunguka. Ilisema tangu itengenezwe haijawahi kusikia mchezo wa namna hiyo, na kwamba pale kiwandani walifundishwa kuwa hauwezekani. Kisha ikauliza, kwa nia njema kabisa, swali ambalo sikulipenda.

"Na wewe jina lako limo bakulini?"

"Kijumbe hawekwi bakulini," nikasema. "Kijumbe anabeba mwezi wa kwanza. Ndiyo desturi. Ni kwa usumbufu wake."

"Kwa hiyo mwenye mchezo hali kwa bahati."

Zamu yangu ni Jumapili hii, na hela ile nimeshaipangia. Nataka friji ya maziwa. Nimeshaipimia hata mahali pa kukaa, nimeshamwambia jirani asije akaegesha kuni zake hapo.

Ndipo nikasikia nimeshikwa mkono wa gauni. Ni Mama Zuio.

"Niache," nikamwambia. "Mimi sijashinda kamari."

"Nimekaa pale mlangoni nikifikiri," akasema. "Nimekuwa nikiwakata wachezaji, nao hawana kitu. Nilipaswa kumshika mwenye mchezo, kabla hajatoka. Hapa mwenye mchezo ni wewe."

"Mchezo wangu ni halali!"

"Ndiyo maana sina hasira. Nashika tu."

Alishika kweli. Na wakati tunavutana hivyo, mimi, Mama Zuio na mkono wa gauni, chumba kikakohoa. Kuta zilikuwa na sauti ya mtu aliyelala na nguo mbichi. Kilikuwa hakijawahi kusema neno miaka yote minne, wala sikuwahi kufikiri kwamba kina la kusema.

"Samahani, wajumbe," kikasema chumba. "Kwenye upatu wa Mama Tumpe, mtu aliyengoja hupata?"

"Hupata," nikasema.

"Mimi nimengoja."

Mvua ilikuwa inakinyeshea chumba chenyewe sasa, kwa kuwa ndicho kilichozungumza, na kiliinyamazia kama kilivyozoea. Mzee Asangalwisye akavua miwani, akaiweka mezani. Akazidisha hamsini elfu kwa ishirini na nne ubaoni, bila kuambiwa. Alipata milioni moja na laki mbili. Akazidisha tena kwa mwandiko mkubwa zaidi.

"Lakini chumba hakitaweza kuchangia," nikasema. Nilijua kwamba najitetea. "Upatu ni kutoa na kupokea. Chumba kitatoa nini?"

"Watoto," kikasema chumba.

Nikaiachia ile sehemu ya gauni aliyoishika Mama Zuio. Nikasema haya, basi. Nikasema kwa sauti ndogo, na mwenyekiti akanitaka nirudie kwa ajili ya muhtasari. Nikarudia: zamu yangu ya kwanza ichukuliwe na zahanati, na mimi niingie bakulini na wenzangu, mwezi mmoja uongezwe. Na habari ya mashine tutaijadili siku nyingine, tuijadili kama mashine, si kama bati.

"Tupige kura," akasema mwenyekiti. "Wanaokataa mashine kwa leo, mikono juu."

Nikanyoosha mimi. Mwenyekiti akanyoosha. Wengine wakatazamana. Kisha mashine ikainua ule mkono wake mmoja wa chuma, mpaka juu kabisa.

"Mjumbe," akasema Mzee Asangalwisye, "unajua unajikataa mwenyewe?"

"Najua, mzee. Nikikua sitaki kuwa mashine ya kamari."

"Unataka kuwa nini?"

"Friji," ikasema. "Nimeona friji moja dukani. Watu wanaweka vitu ndani yake, na wakirudi wanavikuta."

Ikaomba kipande cha karatasi. Ilisema kwa kuwa ina mwandiko mzuri, ingependa kuandika jina la mwanachama mpya. Nilichana ukurasa wa daftari la mahudhurio, jambo ambalo nikiwa macho siwezi kulifanya hata nikitishiwa panga, nikaipa. Ikaandika taratibu, huku ikitoa kishindo kidogo kila kona. Kisha ikaniuliza kama soda imebaki.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, saa kumi na mbili na kitu. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati zangu, na nilikaa kitandani nikiisikiliza kwa aibu kidogo, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa. Nikaenda moja kwa moja chumba cha pili, ambako Tumpe amelala kwetu wiki hii.

"Ndoo yako iko wapi?"

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Ndoo iko wapi?"

Aliivuta kutoka chini ya kitanda. Nikafunua. Pamba, glavu, wembe, uzi, mpira, vitenge viwili, na juu yake soksi ndogo za njano nisizozijua. Tumpe alisema Lusekelo ndiye aliyezinunua juzi. Nikamshukuru Mungu, na moyoni nikamwomba radhi Lusekelo kwa lile shati.

Nikarudi sebuleni. Muhtasari ulikuwa mezani, kalamu juu yake, kama nilivyoviacha. Pembeni lilikuwa bakuli la upatu la Jumapili, nimelifunika na sahani. Majina niliyakata na kuyakunja kwa mkono wangu juzi, na nikayahesabu mara mbili mbele ya Syabumi, maana Syabumi haamini hesabu ya mtu mmoja. Yalikuwa ishirini na matatu.

Sijui kwa nini nilifunua. Nikahesabu, yakawa ishirini na manne. Nikahesabu tena nimekaa. Ishirini na manne.

Moja lilikuwa karatasi yenye mistari, limechanwa bila mkasi, na lilinata vidoleni. Nikalinusa. Tangawizi. Nikalikunjua. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizonyooka, zenye kona kona: ZAHANATI. 1.

"Mama, unaongea na nani huko?" Tumpe akauliza.

"Na bakuli," nikasema. "Lala."

Jumapili nitawaeleza wenzangu habari ya mwezi wa ziada. Syabumi atapiga kelele mpaka dagaa zake zisikie, halafu atakuwa wa kwanza kutoa, namjua. Hayo ni ya Jumapili. Nikaukunja muhtasari bila saini, nikautia mkobani kwa ajili ya saa nne. Nikachukua kalamu ileile, nikakata karatasi, nikaandika jina langu, nikalikunja na kulitumbukiza bakulini pamoja na mengine. Kabla ya kulikunja nililinganisha. Wangu ulikuwa mwandiko mbaya kuliko ule.